Mzee hakumla kuku wangu wa halali: kuna nini ndani ya kitabu chake cha kuchinja?

"Shikamoo mwalimu. Natoka Tanga, ni Mwislamu, na kwa sasa niko Brooklyn, New York, namtunza mzee wa Kiyahudi mzaliwa wa Ulaya ambaye alikuwa mchinjaji maisha yake yote. Kila mwezi anatoa kitabu chake kikuukuu, Simla Hadasha, anakisoma kuanzia mwanzo, ingawa macho yamekuwa mazito na hajashika kisu miaka mingi. Juzi nilimnunulia kuku wa halali kwa Myemeni wa mtaani, nikampikia vizuri. Alinishukuru, kisha akasogeza sahani pembeni. Sikusema kitu lakini niliumia. Marehemu baba yangu alikuwa akichinjia mtaa mzima: kisu kikali, kibla, bismillahi, basi. Hawa wana nini cha kuandikia kitabu kizima? Hicho kitabu ni sehemu ya Taurati? Wenzangu wanasema Wayahudi huchinja bila kumtaja Mungu, halafu rabi anakuja kuiombea nyama ndiyo inakuwa kosheri. Ni kweli? Mimi naweza kula nyama yao? Na nikitaka kumpikia kitu akakila, nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi, lakini nikiyasoma pamoja naona swali moja limeyabeba mengine yote: mzee aliposogeza ile sahani, alikuwa anakukataa wewe? Hapana. Hakuona unajisi mikononi mwako wala katika dini yako. Alifanya jambo ambalo, kama asingelifanya, angekuwa ameikana kazi ya maisha yake, na sababu yake imo ndani ya hicho hicho kitabu anachokisoma kila mwezi. Kwa hiyo naomba tuanzie kwenye kitabu, ndipo tuingie jikoni.

Simla Hadasha si sehemu ya Taurati. Ni kitabu cha fiqhi, yaani sheria za dini, kilichoandikwa na rabi Alexander Sender Schor na kupigwa chapa mwaka 1733 katika mji wa Zolkiew, ambao leo uko Ukraine, kaskazini mwa Lviv, na unaitwa Zhovkva. Wakati huo ulikuwa ndani ya ufalme wa Poland. Ulikuwa mji wa ukoo wa Sobieski, ukoo uliotoa mfalme, na tangu miaka ya 1690 ulikuwa na kiwanda cha kuchapa vitabu vya Kiebrania kilichoanzishwa na mchapaji aliyehamia kutoka Amsterdam. Schor alifariki mwaka 1737, miaka minne tu baada ya kitabu kutoka. Hakupata muda wa kuona kitakavyoenea.

Ili uelewe kwa nini kilihitajika, tazama ngazi iliyokuwa nyuma yake. Taurati yenyewe karibu haisemi kitu kuhusu namna ya kuchinja. Katika Kumbukumbu la Torati 12:21 watu wanaambiwa wachinje ng'ombe na kondoo wao "kama nilivyokuamuru", lakini ukitafuta hiyo amri imeandikwa wapi, huioni. Marabi wakasema: basi ilifundishwa kwa mdomo. Mafundisho hayo yalikusanywa kwenye Mishna, karibu mwaka 200, kisha yakajadiliwa kwa kina na wanazuoni wa Babeli, yaani Iraki ya leo, katika Talmudi. Sehemu ya Talmudi inayohusu kuchinja inaitwa Hullin. Baadaye Maimonides, aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, akaipanga sheria hiyo upya. Yosef Karo wa Safed akaandika Shulhan Aruh, kitabu cha mkusanyo wa sheria, kilichochapwa Venice mwaka 1565, na Moshe Isserles wa Krakow akaongeza desturi za Wayahudi wa Ulaya. Juu yao wakaja wafasiri wa karne ya 17, kila mmoja na hoja zake.

Sasa fikiria mchinjaji wa miaka ya 1700 katika vijiji vya Poland. Wayahudi wa vijijini walikuwa familia moja hapa, mbili pale, wengi wao wakiendesha nyumba za wageni kwa kukodi. Mchinjaji alizunguka kwa miguu akiwa na kisu chake na noleo. Akifika mahali, kuku watatu wanamngoja, mama wa nyumba anangoja, na mkono wake umeteleza kidogo katikati ya koo la kuku wa pili. Je, kuku huyo analiwa au anatupwa? Rabi yuko mwendo wa siku nzima. Vitabu vya maana ni vikubwa, vinapingana, na haviingii mfukoni. Miongozo mifupi ilikuwepo, na uliotumika sana ni ule wa rabi Jakob Weil wa Ujerumani, wa karne ya 15, lakini wafasiri walikuwa wamekwisha kuongeza mengi ambayo mwongozo ule haukuyajua.

Alichofanya Schor ni kukigawa kitabu chake mara mbili katika kurasa zilezile. Juu aliweka Simla Hadasha yenyewe, maneno machache yaliyo wazi: fanya hivi, hiki kinafaa, hiki hakifai. Chini akaweka ufafanuzi wake mrefu aliouita Tevuot Shor, ambamo anamchukua msomaji kutoka Hullin hadi kwa wafasiri wa juzi yake na kumwonyesha kwa nini ameamua alivyoamua. Mchinjaji wa kijijini alihifadhi ya juu. Rabi aliyemfundisha na kumpa kibali alibishana na ya chini. Kwa maoni yangu hapo ndipo siri ya kitabu ilipo. Watu wawili wenye viwango tofauti vya elimu waliweza kukaa mbele ya ukurasa mmoja, na yule aliyejua kidogo hakulazimika kumwamini mwenzake kwa upofu. Kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki kikawa ndicho kitabu ambacho mtu hapewi kisu bila kukijua. Wanazuoni wakubwa waliofuata, kama Yosef Teomim aliyefariki mwaka 1792, wanamnukuu Schor kila hatua, hata pale wanapompinga. Si wote waliomfuata, lakini. Wayahudi wa Baghdad wana vitabu vyao, na wale wa Yemen, ng'ambo ya bahari yetu, wana cha kwao alichokiandika rabi Yihya Salih wa Sanaa.

Unauliza wana nini cha kujaza kitabu kizima. Msingi wenyewe unaingia kwenye kiganja. Mwanazuoni Shmuel wa Babeli, wa karne ya 3, anasema katika Talmudi kwamba mchinjaji asiyejua sheria za kuchinja haliwi alichochinja, kisha anazitaja hizo sheria, nazo ni tano. Mkono usisite katikati. Kisu kisikandamizwe kama anayekata gogo, bali kipite kwa kwenda na kurudi. Makali yasifichwe chini ya ngozi, sufu au kitambaa, lazima yawe wazi. Mkato usitoke nje ya sehemu ya shingo iliyowekwa. Na koo la hewa na umio vikatwe, visinyofoke. Kwa mnyama wa miguu minne sehemu kubwa ya vyote viwili ikatwe, kwa ndege sehemu kubwa ya kimojawapo inatosha, ingawa mchinjaji hukusudia vyote. Baba yako angeyatambua mengi ya haya. Naye alifundishwa asinyanyue kisu katikati, na katika madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani yetu, koo na umio ndivyo vinavyotakiwa kukatwa.

Tofauti inaanza kwenye shaka. Talmudi inaweka kanuni moja ambayo ukiishika, kitabu kizima kinafunguka: mnyama akiwa hai amesimama kwenye uharamu, na anabaki humo mpaka ijulikane kwa yakini kwamba amechinjwa sawasawa. Haitoshi kwamba hakuna aliyeona kosa. Lazima ijulikane kwamba kosa halikuwepo. Ndiyo maana Isserles anasema desturi ya Ulaya ni kuikataa nyama hata mkono ukisita kwa kitambo kidogo kabisa, wakati sheria ya asili ilikuwa na kipimo chenye nafasi zaidi. Nani ataapa kwamba alisita kiasi kile na si zaidi? Nyama yenye shaka inakwenda njia ya nyamafu. Kwa lugha ya nyumbani kwetu, ni kibudu.

Tazama wanavyokishughulikia kisu, maana hapo ndipo utamwona mzee wako akiwa kijana. Kisu chao hakina ncha. Mwisho wake umekatwa mraba, na urefu wake kwa kawaida ni kama upana wa shingo ya mnyama mara mbili. Kabla ya kuchinja anakigeuza makali juu, anayapitisha taratibu juu ya nyama ya kidole na juu ya ukucha, kwenda na kurudi, kwanza makali yenyewe, kisha ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Hesabu hiyo inafika mara kumi na mbili. Anachokitafuta ni pengo, hata dogo kiasi cha kukwaruza ukucha tu, kwa sababu pengo halikati, linanyofoa. Talmudi inasimulia kwamba huko magharibi, yaani nchi ya Israeli, walikikagua kisu kwenye mwanga wa jua, mji wa Nehardea walitumia maji, Rav Sheshet (Rav ni cheo cha mwanazuoni) alitumia ncha ya ulimi, na Rav Aha bar Yaakov alitumia unywele. Mtu wa kawaida akipapasa kisu hicho atasema ni laini kama kioo, lakini mchinjaji atarudi kwenye noleo. Kujifunza kunoa kwa kiwango hicho huchukua muda mrefu kuliko kujifunza kuchinja kwenyewe, na wengi walikwama hapo wasipewe kibali.

Na baada ya kuchinja anakikagua tena. Hapa wanazuoni wawili wa Talmudi walitofautiana, na mfano wao ni mzuri. Kisu kilikuwa kizima kabla, sasa kina pengo. Rav Huna alisema nyama haifai, hata kama kisu kile kile kimetumika kuvunjia mifupa siku nzima, maana huenda kilipata pengo kwenye ngozi ya shingo kabla hakijafika kooni. Rav Hisda akasema la, kama kimevunja mifupa tuseme mfupa ndio uliokivunja, nyama inafaa. Sheria ikaamuliwa hivi: kama kimevunja mifupa, tunaulaumu mfupa, kama hakikugusa mfupa, nyama imepotea. Sasa niambie, ni nani anayejua kama kisu kile kilivunja mfupa au hakikuvunja? Ni nani aliyelisikia lile pengo kwenye ukucha, akiwa peke yake nyuma ya nyumba, ng'ombe mzima ameshalala chini na mwenye ng'ombe ni maskini?

Ni mtu mmoja tu. Hicho ndicho kitabu kinachozungumzia, dada. Kila ukurasa unaongelea visu na mapafu na manyoya, lakini kinachobebwa na kurasa hizo ni amana ya mtu ambaye mji mzima unakula kwa neno lake na hakuna anayeweza kumkagua. Mjane anayepika kuku wake Ijumaa hana njia ya kujua mkono ulisita au haukusita. Zamani ilikuwa mchinjaji asiyempelekea mwanazuoni kisu chake akikague anatengwa na jamii. Kabla ya kupewa kibali alitakiwa achinje mara tatu mbele ya mjuzi, ili ijulikane kwamba hazimii akiona damu. Aliyeanza kutetemeka mikono anatakiwa kuweka kisu chini mwenyewe, bila kungoja kuambiwa. Na hata aliyekwisha kupata kibali anaagizwa kuzirudia sheria mara kwa mara zisimtoke, na wengi huzirudia kila siku thelathini. Mzee wako hachinji tena, lakini zile siku thelathini hazijamwacha. Sidhani ni usahaulivu wa uzee unaomfanya arudie. Nadhani ni kinyume chake.

Watu hawa waliwahi kugawanyika vibaya kwa sababu ya kisu. Ilipoenea harakati ya Wahasidi, kundi jipya la wacha Mungu miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, katika nusu ya pili ya karne ya 18, wao walitaka visu vya kunolewa kwa namna mpya, vikali zaidi na laini zaidi. Wapinzani wao katika mji wa Brody, mwaka 1772, waliwapiga marufuku pamoja na visu vyao. Ukisoma hoja za pande zote mbili utaona hakuna aliyesema kisu kikali ni haramu. Kilichowasumbua ni kwamba ukishaanza kula kwa mchinjaji wako peke yako, umejitenga na mji. Kiongozi wa Kihasidi Shneur Zalman wa Liadi, ambaye naye aliandika juu ya sheria za kuchinja, ilibidi avitetee visu hivyo kwa maandishi, na hatimaye vikakubalika kila mahali. Nimekuletea habari hii kusudi uone kwamba hata Myahudi kwa Myahudi, mzee mcha Mungu husogeza sahani pembeni asipomjua aliyechinja. Hilo halikuanza na wewe.

Sasa tusafishe uvumi wa wenzako. Si kweli kwamba rabi huiombea nyama ikawa kosheri, yaani inayofaa kuliwa kwa sheria yao. Hakuna dua duniani inayoweza kuifanya nyama iliyokosewa kuchinjwa iwe kosheri kwao. Na si kweli kwamba hawamtaji Mungu. Kabla ya kuchinja mchinjaji husema: umebarikiwa wewe Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako ukatuamuru kuhusu kuchinja. Ila ni baraka moja kwa kundi zima la wanyama anaowachinja mfululizo, mradi asiingize mazungumzo mengine katikati, wakati sisi tumezoea kusikia bismillahi kwa kila kichwa. Tena kwao, aliyesahau baraka amekosa, lakini nyama inaliwa. Huenda uvumi ulianzia hapo.

Kinachofuata baada ya kuchinja kinashangaza wengi, na kinachukua sehemu kubwa ya Simla Hadasha. Mnyama aliyechinjwa bila kosa bado anaweza kukataliwa kwa ugonjwa au jeraha lililokuwa ndani yake. Maimonides aliorodhesha kasoro 70. Kwa ng'ombe kazi kubwa iko kwenye mapafu: mkaguzi anapitisha mkono ndani ya kifua mapafu yakiwa bado mahali pake, anapapasa kama kuna vijitando vilivyoyaunganisha na ubavu, kisha anayatoa, anayajaza hewa na kutazama ndani ya maji kama yanatoa mapovu. Nyama ya ng'ombe ambaye mapafu yake yamekutwa laini kabisa ndiyo inayouzwa huko kwenu kwa jina la "glatt". Kwa kuku hukaguliwa zaidi matumbo na mishipa ya miguu. Baada ya hapo damu hutolewa: nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi saa nzima, inasuuzwa mara tatu. Maini hayatoshwi na chumvi, huchomwa motoni.

Nije kwenye kilichokuumiza. Mishna inasema wazi kwamba alichochinja asiye Myahudi hakiliwi. Usilisome hilo kama hukumu juu ya Uislamu. Maimonides, ambaye aliishi kati ya Waislamu, alimwandikia mtu mmoja aliyeingia Uyahudi kwamba Waislamu si waabudu masanamu hata kidogo, na kwamba wanampwekesha Mungu upwekesho usio na doa. Maimonides huyo huyo hakula nyama waliyoichinja. Sababu wanayoitoa ni kwamba amri ya kuchinja kwa namna ile wamepewa wao, na mwenye kufungwa na amri ndiye anayeweza kuitimiza. Baba yako, Mungu amrehemu, angeweza kukipitisha kisu vizuri kuliko wengi wao na jibu lingebaki lilelile. Ukilitazama hivyo, nadhani utaona hakuna ndani yake dharau ya kubeba.

Je, wewe ule nyama yao? Sura ya Al-Maida, aya ya 5, inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu na chakula chenu ni halali kwao. Hiyo sehemu ya mwisho wapo wafasiri walioieleza kwamba ninyi mna ruhusa ya kuwalisha, haiwalazimishi wao kuacha sheria yao. Kuhusu sehemu ya kwanza, wanazuoni wengi wanaruhusu nyama ya kosheri. Wanaotofautiana hutofautiana kuhusu jina la Mungu kutajwa kwa kila mnyama, na Mashafii wana ulegevu hapo kwa kuwa bismillahi kwao ni sunna, ingawa wana masharti mengine kuhusu mchinjaji. Mimi nafundisha historia ya dini, sitoi fatwa. Muulize sheikh unayemwamini, tena umuulize ukiwa na kifurushi mkononi, kwa sababu kosheri na halali si kitu kimoja: chakula cha kosheri kilichopikwa tayari kinaweza kuwa na mvinyo kwenye mchuzi. Soma viambato kila mara.

Kuhusu kumpikia, kuna njia kadhaa na hazina uzito sawa. Rahisi kuliko zote ni chakula cha kosheri kilichopikwa na kufungwa kiwandani, ukipashe kikiwa kimefungwa vilevile. Atakila bila wasiwasi, lakini hutakuwa umepika. Njia ya pili ni matunda na mboga mbichi. Njia ya tatu ni samaki mwenye mapezi na magamba. Mnunue akiwa na ngozi ili mzee ayaone au ayapapase magamba, umkate kwa kisu cha nyumbani kwake.

Ukitaka kuku, nunua mwenye alama ya kosheri na lakiri zake kamili, na usizikate. Mlete nyumbani, mpe mzee azikague kwanza. Hii si dharau. Mwanazuoni wa Babeli aliyeitwa Rav tu alisema nyama iliyofichika machoni mwa Myahudi isiliwe, ndiyo maana leo nyama husafirishwa na mihuri miwili. Tumia sufuria zake tu, na zile za nyama, zisichanganywe na za maziwa. Muombe awashe jiko yeye mwenyewe, kwa sababu wana sheria kuhusu chakula kilichopikwa na asiye Myahudi, na kwa desturi ya Ulaya aliyoiandika Isserles, Myahudi akiwasha moto inatosha. Usimuombe hivyo kuanzia Ijumaa jua linapokaribia kuzama hadi Jumamosi usiku, maana Sabato hawashi. Na punguza chumvi: kuku huyo kwa kawaida amekwisha kutiwa.

Na ndiyo, unaweza kumpikia kuku wa nazi. Nyama na maziwa havikutani katika chungu chao, lakini tui si maziwa ya mnyama. Mradi kopo la tui liwe na alama ya kosheri, au ukune nazi mwenyewe kwa mbuzi aliye mpya. Isserles aliandika kwamba anayepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi pembeni, mtu anayepita asidhani ni maziwa ya ng'ombe. Kwa kuku alilegeza zaidi, lakini weka tu vipande vya nazi kwenye kisosi karibu na sahani. Mchinjaji wa zamani ataelewa mara moja umefanya nini, na naamini atakula kwa furaha.

Haya niliyokueleza ni ya jumla, na kila nyumba ya Kiyahudi ina desturi zake. Kabla hujapika, zungumza na watoto wake au rabi wa sinagogi anayosali, hata kwa simu. Waulize mambo haya: ni mihuri ipi anayoikubali, je, kuwasha jiko kwa mkono wake kunatosha, na afanyeje siku asizoweza kusimama. Waulize pia kama yupo mwanafunzi anayeweza kuja mara moja kwa wiki kumsomea Simla Hadasha, kwa kuwa macho yanamsumbua na wewe husomi Kiebrania. Kama ana presha, moyo au figo, mwambie daktari wake kwamba nyama yake imetiwa chumvi kabla ya kupikwa. Na ikitokea anaanza kukataa hata chakula kilicho kosheri, au nguo zinampwaya, usidhani ni dini na usingoje: mjulishe muuguzi na familia siku hiyohiyo. Mgonjwa ambaye uhai wake uko hatarini, sheria yake yenyewe inamwamuru ale.